Michezo ya kufahamiana: jinsi ya kuiandaa ili kila mtu afungue mdomo

Msimu wa semina na makambi ukianza, maswali huwa yale yale. Nianze na mchezo gani? Watu 30 niwape dakika ngapi? Wazee wakigoma kusimama nifanyeje? Na bosi wao akiwemo humo humo ukumbini? Mwongozo huu ni wako wewe uliyeambiwa "asubuhi utatuchangamshia watu" na hujui pa kuanzia.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, ule unaowakuta wengi Tanzania: semina ya siku tatu, washiriki kama 30 kutoka wilaya mbalimbali, vijana wa miaka 20 wamechanganyika na watu wanaokaribia kustaafu, wanawake kwa wanaume, Waislamu kwa Wakristo, ukumbi wa viti vya plastiki, chai saa 4:00. Ukilimudu kundi hilo, kambi ya vijana wa kanisani, darasa la mwaka wa kwanza chuoni au kikundi kipya cha kuweka na kukopa cha VICOBA hakitakusumbua.

Jambo la kushika ni hili: mtu asisemeshwe mbele ya ukumbi mzima kabla hajazungumza na mtu mmoja pembeni. Wawili kwanza, halafu wanne, halafu wanane, ndipo wote. Ule utaratibu tuliouzoea wa kuzungusha, "naitwa fulani, natokea mahali fulani, nimefurahi kuwa hapa", unaenda kinyume kabisa. Watu 30 kwa dakika mbili mbili ni saa nzima, na ukifika kwa mtu wa nane hakuna anayesikiliza tena: aliyekwisha kusema anachezea simu, ambaye zamu yake haijafika anapanga maneno yake moyoni. Saa hiyo ikiisha, waulize ni nani anakumbuka majina matano. Utaona wanavyotazamana.

Pia usichanganye mambo mawili. Mchezo wa kufahamiana humwachia mtu jina na habari ya mwenzake. Kichangamshi ni cha kuamsha mwili baada ya ubwabwa wa mchana: "Simama kaa, simama kaa, ruka ruka ruka", au "Nyama nyama nyama", ambapo kiongozi hutaja wanyama, watu wakaruka na kuitikia kwa anayeliwa na kunyamaza kwa asiyeliwa. Vyote vina kazi yake. Lakini ukiwarusharusha watu saa 2:30 asubuhi, watacheka, watakaa, na bado hawajuani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya washiriki: majina, wanakotoka, wanawake wangapi na wanaume wangapi. Idadi kamili ndiyo itakayokuambia ukate kadi ngapi.
- Karatasi za manila za rangi mbili, zimekatwa vipande vya ukubwa wa kiganja.
- Maka peni za rangi nzito. Kalamu ya kawaida haisomeki mtu akisimama hatua tatu mbele yako.
- Masking tepu ya kubandikia majina kifuani na kuchora mistari sakafuni. Selotepu ya kawaida huchana nguo nyepesi na huacha uchafu kwenye sakafu ya watu.
- Flipchati moja, au ubao.
- Mpira mdogo laini. Soksi mbili zilizokunjwa pamoja zinatosha.
- Vikapu viwili au kofia mbili za kuchanganyia kadi.
- Saa. Simu inafaa, ila izime data ujumbe usikuvuruge.

Filimbi iache nyumbani. Kwa watoto ni sawa, kwa watu wazima inawarudisha kwenye mchakamchaka. Badala yake wafundishe mdundo wa makofi: wewe unapiga pa-pa, pa-pa-pa, aliyesikia anaitikia vilevile na kunyamaza. Mara mbili tu ukumbi wote utakuwa umetulia.

Kuna mambo manne ya kuwauliza waandaaji siku moja kabla, tena kwa simu, si kwa ujumbe utakaosahaulika. Yupo mwenye ulemavu, mjamzito au mgonjwa ambaye mchezo wa kusimama utamtesa? Watu wamefunga? Mgeni rasmi anaingia saa ngapi? Na je, wapo watu wawili ambao hawaelewani? Hili la mwisho waandaaji hawalisemi mpaka uulize, na linaweza kukuharibia asubuhi nzima.

Hatua kwa hatua

1. Amua watu wajue nini kuhusu wenzao. Kwa semina ya siku tatu, inatosha kila mtu aondoke asubuhi hiyo akiwajua vizuri watu saba au wanane kwa jina na kwa jambo moja moja, na ukumbi uliobaki awe ameuzoea kwa sura. Katika watu 30 zipo jozi 435. Hutazimaliza asubuhi moja, usijaribu. Andika lengo lako kwa sentensi moja, na mchezo wowote usiosaidia sentensi hiyo uache, hata kama uliupenda sana mahali pengine.

2. Gawa muda kwa maandishi. Omba dakika 45. Ukipewa 30, utaondoa mchezo mmoja. Usijaribu kuibana yote. Mgawo wangu huwa hivi: kukaribisha dakika 3, methali 10, kutambulishana wanne wanne 6, ramani 9, vitendawili 14, kufunga 3. Michezo minne inatosha, na mmoja zaidi uwe nao mfukoni kama akiba. Anayeanza kazi hii hupenda kuja na michezo kumi, halafu anaikimbiza, na hakuna hata mmoja unaokolea.

3. Panga ukumbi kabla watu hawajafika. Fika nusu saa mapema. Toa meza katikati, viti vipange nusu duara au visogeze ukutani. Mistari iliyonyooka ya viti ikibaki, watu watakaa na waliosafiri nao basi moja na hutawatoa hapo. Angalia pia nyaya za spika sakafuni. Watu watatembea huku wanatazamana, hawatazami chini.

4. Wapokee mlangoni kwa majina. Mpe kila mtu kipande cha masking tepu na maka peni, umwambie: "Andika jina unalotaka tukuite siku hizi tatu." Jina moja, kwa herufi kubwa. Vyeo visiandikwe. Lakini usimlazimishe kijana wa miaka 22 kumwita mama wa miaka 58 kwa jina tupu. Atakwepa kumwita kabisa. Acha watu waandike Mama Neema, Bi Asha, Mzee Juma, Kaka Elia, kama ndivyo walivyozoea kuitwa. Heshima ya umri ibaki, ni cheo cha ofisini tu kinachopumzishwa.

Bosi wa washiriki au mwenyekiti mwombe kabla, faraghani, acheze kama wengine. Mwonyeshe michezo yenyewe. Mtu mzima hapendi kushtukizwa mbele ya walio chini yake, na akishajua kinachokuja huwa wa kwanza kuchangamka.

5. Fungua kwa maneno machache, na uanze wewe. Sema muda ("tutatumia dakika 45"), sema sababu ("ili mchana tukianza kazi za vikundi uwe unamjua unayefanya naye"), na sema ruhusa: asiyeweza kusimama atacheza akiwa ameketi, asiyetaka kujibu swali atalipita. Hiyo ruhusa itamke kwa sauti na uimaanishe. Mtu akijua ana mlango wa kutokea, hukaa kwa amani.

6. Mchezo wa kwanza: methali iliyokatika. Huu nauweka mbele ya mingine yote, kwa sababu humpa mtu kisingizio cha kumsogelea asiyemjua bila aibu.

Chukua methali 15 kwa watu 30. Nusu ya kwanza ya kila methali iandike kwenye kadi ya bluu, nusu ya pili kwenye kadi ya njano. Rangi mbili ni muhimu: mwenye bluu anajua moja kwa moja kwamba anamtafuta mwenye njano. Changanya kila rangi kwenye kikapu chake, kila mtu achote moja, kisha watembee wakisema kipande chao kwa sauti mpaka wapate mwenzao. Hizi zinafaa kuanzia:

- Haba na haba / hujaza kibaba
- Haraka haraka / haina baraka
- Asiyesikia la mkuu / huvunjika guu
- Mtaka cha mvunguni / sharti ainame
- Bandu bandu / huisha gogo
- Mgeni njoo / mwenyeji apone
- Kidole kimoja / hakivunji chawa
- Chelewa chelewa / utamkuta mwana si wako
- Mchumia juani / hulia kivulini

Zilizobaki ongeza mwenyewe, ila zipitie zote kwa macho mawili. Kwanza, tazama miisho inayoweza kugongana. Ukiweka "Mchumia juani hulia kivulini" pamoja na "Mchelea mwana kulia hulia yeye", utapata jozi zilizooana vibaya na mabishano marefu. Mabishano hayo yanaweza kuwa matamu kama muda unao. Kama huna, toa moja. Pili, tazama methali inayoweza kumchoma mtu. "Asiye na mwana aeleke jiwe" ni methali nzuri darasani, lakini hujui ni nani ataichota, na hujui ana simanzi gani nyumbani. Iache.

Idadi ikiwa witiri, tayarisha methali moja ya vipande vitatu: "Asiyefunzwa na mamaye / hufunzwa / na ulimwengu". Usiingie wewe kuziba pengo. Macho yako yanahitajika kwingine.

Waliopatana wakae pamoja. Andika kwenye flipchati maswali matatu: jina lako ulipewa na nani, ni kitu gani unakiweza vizuri ambacho hakihusiani na kazi yako, unataka uondoke na nini katika semina hii. Dakika mbili mmoja, makofi ya mdundo, dakika mbili mwenzake. Swali la pili ndilo linalozaa urafiki. Hapo ndipo mhasibu anagundua kwamba afisa kilimo wa wilaya ya jirani anafuga nyuki, au kwamba yule dada mkimya ndiye mpishi wa pilau la harusi mtaani kwao.

*Angalia:* usiulize umri, ndoa, idadi ya watoto wala dini. Watu wakipenda watayasema wenyewe.

7. Wawili wawe wanne. Kila jozi iungane na jozi iliyo karibu. Sasa mtu hajitambulishi, anamtambulisha mwenzake: "Huyu ni Bi Asha, jina alipewa na bibi yake, anashona viti vya sofa." Chini ya dakika moja kila mtu. Kabla hawajaanza waambie waulizane, "Kuna ulichoniambia usichotaka nikiseme?" Sekunde tano hizo zinalinda siri ambayo mtu aliitoa kwa sababu alikuwa na mtu mmoja tu.

Kwa watu 30 una jozi 15, kwa hiyo utapata vikundi sita vya wanne na kimoja cha sita. Kiache hivyo hivyo.

8. Ramani ya sakafuni. Sasa watu wamekaa vya kutosha. Simama katikati ya ukumbi utangaze: "Hapa nilipo ni Dodoma." Onyesha kaskazini halisi, si ya kubuni, watu wanajua jua lilichomoza upande gani na watakusahihisha. Kaskazini ni Arusha na Moshi, kaskazini magharibi Mwanza na Bukoba, magharibi Kigoma, kusini magharibi Mbeya, kusini Songea, kusini mashariki Mtwara, mashariki Dar es Salaam, na ukivuka masking tepu uliyoibandika kama ufuko, Unguja na Pemba.

Uliza swali, watu waende wakasimame mahali pao. "Unaishi wapi sasa?" Wakishasimama, kila mmoja amgeukie aliye karibu waongee kwa dakika moja. Halafu: "Ulisoma wapi darasa la kwanza?" Hapa ukumbi mzima unahama. Aliyekuwa Dar es Salaam anarudi Tabora, aliyekuwa Arusha anakwenda Lindi, na watu wawili ambao hawakudhani wana lolote la kuongea wanajikuta wametoka kata moja. Swali la tatu: "Ungepewa wiki ya mapumziko na nauli, ungekwenda wapi?" Matatu yanatosha.

Ongeza kidogo muda wa mazungumzo ya kwanza. Vijana watawaamkia wakubwa, shikamoo na marahaba zitafuatwa na habari za safari, na salamu hizo zenyewe ni sehemu ya kufahamiana. Usizikatize kwa makofi.

*Angalia:* uliza anakoishi au alikosoma, usiulize kabila. Tanzania utani wa makabila upo na ni mali nzuri. Mchaga na Mpare wakikutana wataanza wenyewe bila msaada wako. Uache uzuke, usiuchochee, na wewe mwendeshaji usiingie. Ukiendesha mchezo huu Kenya, hasa Bonde la Ufa, kumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na watu waliohamishwa makwao. Swali la "asili yako wapi" linaweza kugusa kidonda. Rwanda na Burundi usikaribie habari ya makabila hata kwa mzaha.

Ikiwa wote wanatoka mji mmoja, punguza ramani. Kwa Dar es Salaam weka Kariakoo katikati, Bunju kaskazini, Mbagala kusini, Mbezi magharibi, na Kigamboni ng'ambo ya maji. Kwa kikundi cha Kenya, Nairobi katikati, Mombasa kusini mashariki, Kisumu magharibi, Garissa mashariki, Moyale juu kabisa kaskazini. Kwa mikutano ya Waswahili wa ughaibuni, ramani ya Afrika Mashariki nzima pamoja na Lubumbashi, Goma na Bujumbura huleta maongezi marefu sana, kwa hiyo uliza swali moja tu.

9. Vitendawili vya mji. Unganisha vikundi vya wanne viwe vya wanane. Kile cha sita kibaki chenyewe. Sasa una vikundi vinne. Kila kikundi kipewe dakika mbili za kuchagua vitendawili viwili wanavyovijua. Wasiokumbuka uwe na vyako tayari: "Nyumba yangu haina mlango", yai, "Popo mbili zavuka mto", macho, "Kuku wangu katagia miibani", nanasi, "Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni", kikombe.

Utaratibu unaujua tangu utotoni. Kikundi kinasema "Kitendawili!", ukumbi unaitikia "Tega!" Wengine wakishindwa, watega wanadai mji. Hapa ndipo tunaongeza sheria moja: mji unaotolewa lazima uwe ambao mmoja wa watu wa kikundi kilichoshindwa amewahi kuishi, na mtu huyo ndiye anayesimama na kuwakaribisha wageni kwa nusu dakika. Wale nini, wapite wapi, wasalimieje. Wa Bukoba atawapa senene, wa Kigoma atawapa migebuka, wa Unguja urojo, wa Dodoma zabibu. Kisha watega wanatamba kidogo, "tumekwenda Kigoma, tumekula, tumeshiba, tumerudi", na wanatoa jibu.

Tazama kilichotokea hapo. Kwa mara ya kwanza mtu amesema mbele ya ukumbi wote, lakini anasema juu ya jambo analolijua kuliko wote waliomo, kikundi chake kikiwa nyuma yake kinamshangilia. Mkimya kabisa wa asubuhi huweza hili.

Zungusha watu. Aliyekwisha kuukaribisha mji asirudie, hata kama ameishi miji mitano. Na waonye kabla kwamba vitendawili vya kutafsirika kwa maana mbili vibaki kijiweni. Humu kuna wakwe na wazazi.

10. Funga na uunganishe na kazi. Warudi kwenye nusu duara. Uliza watu watatu tu, wa kujitolea: "Umejua nini leo kuhusu mtu ambacho ulikuwa hukijui?" Halafu sema moja kwa moja kitakachofuata: vikundi vile vile vya wanane ndivyo vya kazi ya kwanza, au vitachanganywa. Mpokeze kipaza sauti anayefuata kwa wakati. Kukolea kwa mchezo si sababu ya kula muda wa mwenzako.

Makosa yanayojirudia

La kwanza, na linaloudhi kuliko yote, ni adhabu. "Aliyekosea aje mbele aimbe." "Aliyeshindwa akate kiuno." Tumeizoea kiasi kwamba tunaiona ni uchangamfu. Anayeaibishwa saa 3:00 asubuhi hafungui mdomo tena mpaka siku ya tatu, na waliomwona nao wanajifunza kunyamaza. Hakuna mchezo wa kufahamiana unaohitaji aliyeshindwa.

Michezo ya kugusana nayo ina mipaka. Kushikana mikono, kukaa magotini, kupitishana kitu kidevuni: kwa wengi kati ya mwanamke na mwanamume haifai, na hawatakuambia, watasimama tu pembeni. Mkono kifuani na kichwa kuinamishwa kidogo ni salamu inayomtosha kila mtu. Fikiria na mavazi. Aliyevaa baibui, kanga au sketi nyembamba hawezi kuruka kama kijana wa jinzi na raba.

Mwezi wa Ramadhani, michezo ya kukimbia iondoe kabisa, hasa mchana, na usitoe pipi wala soda kama zawadi. Siku ya Ijumaa hesabu muda wa swala kabla hujapanga kichangamshi cha mchana.

Picha. Siku hizi mtu akianza kucheza tu, simu kumi zinainuliwa, na jioni yuko kwenye status za watu asiowajua. Mwanzoni kabisa kubalianeni: picha zitapigwa na mtu mmoja, na zitaonekana wapi.

Michezo ya akiba

*Mpira wa majina.* Watu kumi hadi kumi na tano kwa duara, si zaidi. Unamrushia mtu soksi ukitaja jina lake; akidaka, anamtajia mwingine. Baada ya mzunguko mmoja rudisheni kinyumenyume.

*Tafuta mtu.* Karatasi yenye vyumba 16, kila chumba kina jambo: aliyesafiri kwa treni ya TAZARA, anayejua kucheza bao, anayezungumza lugha nne, asiyekula nyama, aliyewahi kulima mpunga. Unazunguka ukiuliza, anayehusika anaweka jina lake. Sheria: jina la mtu mmoja lisionekane mara mbili kwenye karatasi yako, la sivyo rafiki wawili watajaziana zote.

*Mawili ya kweli, moja la kutunga.* Mtu anasema mambo matatu, wenzake wanabahatisha lipi si kweli. Uchezwe wanne wanne. Wapo wasiopenda kuambiwa waseme uongo hata kwa mchezo. Kwao geuza liwe "mawili niliyofanya na moja ninalotamani kufanya". Kwa maoni yangu hili la pili ni zuri kuliko la kwanza.

*Foleni ya kimya.* Wajipange kwa mpangilio fulani bila kusema neno. Wengi hutumia tarehe ya kuzaliwa. Mimi siitumii, maana wazee wengi hawana tarehe kamili, na si vizuri kumlazimisha mtu alieleze hilo. Tumia umbali aliosafiri kufika hapo.

*Pembe nne.* Taja mambo manne, kila moja na pembe yake ya ukumbi. Chai ya maziwa, chai ya rangi, kahawa, uji. Simba na Yanga huchangamsha kuliko kitu chochote, ila zinagawa ukumbi vipande viwili na upinzani huo ni wa tangu miaka ya 1930. Kama timu hizo zimecheza juzi, baki na uji.

Ukikwama

*Watu wamegoma kusimama.* Usibembeleze kwa kipaza sauti. Anza mchezo wa methali wakiwa wamekaa: wewe na msaidizi mpitishe vikapu, kisha sema tu "mwenzako yupo humu ndani". Wawili watatu wakianza kutafuta, wengine watafuata.

*Mmoja anaongea bila kikomo.* Mpe kazi ya kutunza saa. Aliyeshika saa hujibana mwenyewe.

*Mmoja hasemi kabisa.* Mwache awe mwandishi wa kikundi, au agawe kadi. Usimtaje jina mbele ya watu kwa nia njema ya kumchangamsha. Mfuate wakati wa chai.

*Wamekuja nusu tu, wengine wako njiani.* Hali ya kawaida ya siku ya kwanza. Anza na "Tafuta mtu", kwa sababu aliyechelewa anaweza kuingia wakati wowote. Mchezo wa methali hauanzi mpaka idadi itulie, la sivyo utabaki na vipande visivyo na wenza.

*Mgeni rasmi amefika katikati ya mchezo.* Mjulishe mwandaaji kabla kwamba hilo linaweza kutokea na mkubaliane ishara. Akifika, malizia swali lililopo, piga makofi ya mdundo, watu wakae. Hotuba ikiisha utaendelea kuanzia hatua inayofuata, usirudie nyuma.

*Kiswahili cha ukumbi si kimoja.* Wapo wa kutoka Congo, Burundi au Uganda ambao methali zako hawazijui. Tumia picha badala ya maneno: kata picha za matunda au wanyama vipande viwili, kila mtu atafute nusu yake.

*Wote wanafahamiana tayari.* Ofisi moja, miaka sita pamoja. Acha majina, ruka hadi ramani, na badili maswali: ulifanya kazi gani ya kwanza kulipwa, na ulilipwa wapi? Watu wamekaa meza moja miaka yote hiyo na hawajui kwamba mwenzao aliwahi kuuza samaki Feri.

*Siku ya pili wamerudi kukaa na wale wale.* Kabla hawajaingia, weka kadi za methali juu ya viti, bluu na njano zikiwa zimepishana pande mbili za ukumbi, na usiseme kitu. Waliokwisha kuucheza jana watajua la kufanya: wataokota kadi, wataanza kuulizana, na utakuwa umepata dakika tano za kufunga waya wa projekta.